Asubuhi ya Maalim, Alasiri ya Bi Mize

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, maana wa nyuma hawajaitika.

Pakawa!

Haya, sogeeni. Aliyekuja kucheka atacheka mwanzo. Mwisho sina cha kumchekesha.

Hapo zamani za kale paliondokea kijiji kimoja. Jina lake limeliwa na mchwa pamoja na waliolijua. Kilikuwa na msikiti mmoja, kisima kimoja na chuo kimoja. Msikiti ulikuwa juu ya mteremko, kisima kilikuwa chini yake. Ndoo iliposhuka, kamba ililia kwiri, kwiri, kwiri, kisha chubwi! Mtu akavuta, akanywa, akamshukuru Mungu, akaenda zake.

Chuo kilikuwa barazani kwa Maalim Mwinyihaji. Hata leo ukimtaja, wazee hutikisa vichwa. "Ah, yule! Yule alikuwa kisima cha hekima." Wanamkumbuka yeye. Lakini nyumba ile ilikuwa na walimu wawili, na wa pili alikuwa mkewe, Bi Mize.

Asubuhi ilikuwa ya Maalim. Watoto walikuja na mbao zao, na kalamu za ubua, na wino wa masizi, wakasoma Kurani kwa sauti mpaka baraza ikavuma kama mzinga wa nyuki. Vuuu, vuuu, vuuu. Maalim hakuwa na bakora. Mtoto akikosea, alituliza kidole juu ya herufi iliyokosewa, akangoja. Kungoja kwake kuliuma kuliko bakora.

Alasiri ilikuwa ya Bi Mize. Watoto walewale, baraza ileile. Aliwafundisha jinsi jeraha linavyooza na jinsi linavyofunga. Aliwafundisha kupima shamba kwa kamba, na kuujua udongo kwa kuunusa. Na zaidi ya yote aliwafundisha maji. Bibi yake alikuwa mkunga, mama yake alikuwa mkunga, na yeye alikuwa mkunga. Mambo hayo aliyapokea kwa macho na mikono. Hayakuandikwa popote.

"Maji ni msafiri," alikuwa akisema. "Msafiri akibisha hodi, mnamuuliza nini?"

"Umetoka wapi? Umepita wapi?"

"Na maji mnayauliza nini?"

"Yametoka wapi? Yamepita wapi?"

"Hata yakiwa meupe?"

"Hata yakiwa meupe!"

"Hata yakiwa matamu?"

"Hata yakiwa matamu!"

Maalim aliwasikia kutoka ndani, akatabasamu. Wapo waliomuuliza, "Maalim, chuo cha Kurani na habari za udongo na vidonda, wapi na wapi?" Akawajibu, "Neno la kwanza kushuka lilikuwa Soma. Mwenyewe hakuliwekea mpaka. Mimi ni nani hata niuweke?"

Bi Mize alimtania mumewe kila alipopata nafasi.

"Maalim, wewe malaika unawajua kwa majina. Je, kuni za nyumba hii zinatoka wapi?"

"Zinatoka kwako."

"Njoo siku moja alasiri, ukae na watoto. Yapo ambayo ungejifunza."

"Nikae na watoto, na ndevu hizi? Kwani wewe si upo?"

"Nipo."

"Basi. Wewe upo."

Wakacheka. Maneno hayo yalirudiwa mara nyingi mle ndani, hata yakawa kama salamu. Wewe upo. Nipo.

Sasa nisikilizeni habari ya kombe. Mtu alipougua, Maalim aliandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe. Maandishi yalipokauka, aliyaosha kwa maji kidogo. Maji yakageuka rangi ya jua linalochomoza, mgonjwa akayanywa. Hilo ndilo kombe. Lakini katika nyumba ile maji ya kombe hayakutoka kisimani yakaingia sahanini. Bi Mize aliyateleka kwanza. Toko, toko, toko, chungu kikatokota. Akayafunika, yakapoa, ndipo Maalim akaoshea sahani. Wagonjwa walipona, wakaja kumshukuru. Naye kila mara aliwaambia, "Nusu ya shukrani ipelekeni jikoni." Wakadhani ni adabu tu.

Mko?

Tupo.

Bi Mize na Maalim hawakujaliwa mtoto wa tumboni. Walilea yatima mmoja, Musbahi. Asubuhi Musbahi alikuwa wa kwanza kuhifadhi. Alasiri alikuwa wa kwanza kusinzia. Alipokua, Maalim akampeleka nchi ya mbali kwa mashehe wakubwa. Akakaa huko mpaka akaota ndevu. Akarudi na kilemba, na sauti ambayo ikisoma, watu walisahau njaa. Jumbe Kitwana, mkuu wa kijiji, akamfanya khatibu wa msikiti. Siku ile Bi Mize alilia kwa furaha, akampikia mkate wa kumimina, akamlisha tonge la kwanza kwa mkono wake.

Khatibu Musbahi hakuwa mtu mbaya. Liwekeni hilo moyoni. Hadithi hii haina mtu mbaya. Angekuwamo, ingekuwa nyepesi kuibeba.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa la huruma. Wazee walikuwa wakienda haja mbali, vichakani, wakiteleza kwenye matope. Musbahi akashika jembe yeye mwenyewe, akawachimbia choo karibu na msikiti, juu ya mteremko. Wazee wakamwombea dua mpaka mikono ikachoka.

Bi Mize akaja, akasimama kati ya choo na kisima. Akatazama juu. Akatazama chini.

"Musbahi, mwanangu, umefanya jema. Lakini kihamishe."

"Kwa nini, Mama?"

"Choo kiko juu, kisima kiko chini, na ardhi yetu ni mawe yenye matundu. Maji ni msafiri."

Mzee mmoja mcheshi alikuwa akitawadha pale. Akadakia, "Safari ya wapi, Bi Mize? Maji ya msikiti yanakwenda kuhiji?"

Watu wakacheka. Bi Mize naye akacheka. "Yangekuwa yanakwenda kuhiji ningeyapa na masurufu, Babu. Hofu yangu ni kule yanakotoka."

Choo hakikuhamishwa.

Alasiri moja Musbahi akapita barazani. Akawakuta watoto wameinama, wamechora mchangani choo na kisima, na kati yake mstari wa maji. Barazani palepale ambapo yeye alijifunza alifu. Moyo wake ukashtuka. Ijumaa ilipofika, baada ya sala, akaomba watu wasiondoke.

"Maalim wangu," akasema kwa heshima, "wewe ndiye uliyenishika mkono nikaandika. Siwezi kukukosea adabu. Lakini huko nilikokwenda nimeona mji. Watoto wake walianza hivihivi, asubuhi Kurani, alasiri dunia. Kidogo kidogo alasiri ikaila asubuhi. Leo wanajua kupima nguo na nafaka, na baba yao akifa hawajui kumsalia. Wanakodi mtu. Maalim, ubao mmoja haubebi maandishi mawili. Ukiandika la pili, umelifuta la kwanza."

Maneno yale yalikuwa na uzito, na Musbahi alikuwa amefumba macho kama anayeuona mji ule tena.

Jumbe Kitwana akamgeukia Maalim. "Unasemaje?"

Maalim alikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa ulimini, tayari. Lakini mbele yake alisimama mtoto aliyemlea, mbele ya watu wote, na kilemba kipya. Akamwonea haya. Akasema, "Khatibu amenena anachokijua." Akainamisha kichwa.

Basi Bi Mize akasema kutoka upande wa wanawake. "Mimi nina neno. Msiniamini bure. Nipeni mtungi mmoja wa nili, ile wanayotilia nguo rangi. Niumwage chooni, tungoje mvua. Maji ya kisima yakibaki meupe, nitafunga mdomo wangu na alasiri yangu."

"Mama!" Musbahi akashangaa. "Utie rangi maji ya wudhuu?"

"Tutatoka msikitini na nyuso za buluu!" yule mzee mcheshi akapiga kelele. "Wake zetu watatukimbia!"

Kicheko kikapasua mkutano, na mkutano ukishapasuliwa na kicheko haushoneki. Jumbe akahukumu: asubuhi ibaki, alasiri ifungwe.

Wakarudi nyumbani, mke na mume, yeye mbele na mkewe nyuma. Walipofika karibu na mlango, Maalim akasema, "Ubao una pande mbili."

Bi Mize akasimama. "Hilo ulikuwa nalo palepale?"

"Nilikuwa nalo."

"Ukalimeza."

"Ni mwanetu, Mize. Mpe muda. Atajua mwenyewe."

"Na maji nayo, Maalim? Yatampa muda?"

Maalim aliingia ndani, akaivua kanzu yake, akaikunja. Akaikunjua, akaikunja tena.

Tangu siku ile baraza ilivuma asubuhi, na alasiri ilikuwa kimya. Watu wakaanza kumwendea Musbahi kwa kombe pia, maana alikuwa kijana na sauti yake iliingia mifupani. Kazi ilipomzidi akasaidiwa na Sikudhani, binti wa Jumbe Kitwana. Sikudhani alikuwa na mkono mzuri kuliko wanachuo wote wa Maalim. Kalamu yake haikutetereka. Alikuwa ameanza tu kukaa alasiri kwa Bi Mize ilipofungwa. Wao waliosha sahani kwa maji ya kisima cha msikiti, kama yalivyotoka. Kwiri, kwiri, kwiri, chubwi! Sahanini.

Maalim akasikia, akaenda.

"Musbahi, yachemsheni kwanza."

"Maalim, neno la Mungu nalo lichemshwe?"

"Sichemshi neno. Nachemsha maji, kabla neno halijafika."

"Lakini maji ya msikiti yana dosari gani hata yapitishwe motoni? Hatutakuwa tumeyatilia shaka? Nieleweshe, Maalim. Moto unayafanya nini?"

Maalim akafungua kinywa. Hapo ndipo alipogundua kwamba hajui. Miaka yote alikiona chungu kikitokota, wala hakuuliza hata siku moja. Kwani Bi Mize si alikuwapo?

"Ngoja," akasema, "nikamuulize mama yako."

Musbahi akamtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mzee aliyesahau njia ya kwake. Maalim akaona haya, akaenda zake, wala hakumuuliza. Jambo likaishia hapo.

Mko?

Tupo.

Masika ikashuka. Chwaaa! Chwaaa! Mvua ikanyesha mchana, ikanyesha usiku, mteremko ukawa mito midogo midogo. Kisha likaingia tumbo la kuhara.

Wa kwanza kufa alikuwa yule mzee mcheshi. Asubuhi alitania watu msikitini, jioni alikuwa amekauka kama jani, na macho yamezama. Wakafuata watoto. Watu wakaogopa, wakakimbilia kombe. Waliougua wakanywa, na waliokunywa wakaugua. Sikudhani aliandika mpaka vidole vikawa vya manjano. Musbahi alisoma mpaka sauti ile nzuri ikapasuka.

Bi Mize alifunga kanga kiunoni, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. "Chemsheni! Jamani, chemsheni! Hata ya kusukutulia!" Alibeba mtungi wa maji yaliyochemka, akatia chumvi na asali kwa kipimo alichokijua yeye, akawanywesha wagonjwa kijiko kwa kijiko. Aliowawahi waliinuka. Aliochelewa kwao aliwafumba macho. Wengine walimfungulia mlango. Wengine walisema, "Tumeshakunywa kombe, Bi Mize, tulichanganye na nini tena?"

Akazunguka hivyo mpaka siku moja miguu ikakataa. Akarudi kwake, akaanguka kitandani. Tumbo lake lilikuwa salama. Ilikuwa homa, homa ya uchovu na baridi ya mvua. "Nikinywa na kulala nitaamka," alimwambia Maalim. "Lakini mtungi hauna hata tone. Yote nimewapa watu."

Maalim akateka maji, akaenda jikoni. Kuni zilikuwa zimelowa. Alipuliza, akapuliza, akapata moshi na machozi tu.

"Nakwenda kwa mfinyanzi," akasema. "Banda lake halivuji. Nitaleta kuni kavu."

"Nenda."

"Wewe upo?"

Bi Mize akatabasamu huku amefumba macho. "Nipo."

Kwa mfinyanzi kulikuwa mbali, nyuma ya mashamba. Maalim alikwenda akiteleza, akarudi akiteleza, mzigo wa kuni kifuani ndani ya kanzu, ameuinamia usilowe kama mtu aliyebeba mtoto. Alipokaribia nyumba akanusa zafarani.

Ndani aliwakuta wanawake wa mtaani wamekaa kwa upole. Na kando ya kitanda alikaa Sikudhani. Mapajani alikuwa na sahani nyeupe. Ilikuwa safi, na ilikuwa imelowa.

"Shikamoo, Maalim," binti akasema. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha. "Nilisikia Bi Mize anaumwa, nikaja mbio. Nimemwandikia mimi mwenyewe, sikumwachia mtu. Sikukosea hata herufi moja. Alikuwa na kiu, maskini, amekunywa yote."

Maalim akasimama mlangoni. Lile swali la alasiri, ambalo alikuwa akilisikia kutoka ndani miaka yote, likamtoka mdomoni.

"Maji yametoka wapi?"

"Ya msikitini, Maalim," Sikudhani akajibu kwa furaha. "Nimeyateka mwenyewe, nikiwa na wudhuu."

Kuni zikamponyoka. Pa! Pa! Pa!

Bi Mize akafumbua macho. Homa ilikuwa imempeleka mbali, alikuwa amekunywa kama anywavyo mtoto mchanga, bila kujua amepewa nini. Sasa akaiona sahani. Akauona uso wa mumewe. Akaelewa.

"Mwacheni mtoto," akasema. "Ameandika vizuri."

Kesho yake tumbo likaanza.

Maalim akawasha moto. Kuni za mfinyanzi zilishika mara moja, chungu kikatokota toko, toko, toko. Akaweka asali. Akachukua chumvi, mkono ukabaki hewani.

"Mwenzangu, chumvi kiasi gani?"

Bi Mize alitaka kusema, sauti haikutoka. Akanyanyua vidole. Vilitetemeka. Vilikuwa viwili, au vilikuwa vitatu. Maalim akainama karibu. "Viwili? Mize, ni viwili? Au ni vitatu?" Mkono ukaanguka kitandani.

Akatia kwa kukisia. Akamnywesha kijiko kwa kijiko, kama alivyosikia kwamba hunyweshwa. Kilichoingia kilitoka. Akatia tena, akapunguza, akaongeza. Alijua Kurani yote kwa moyo, kila juzuu na kila kituo, na hakujua kiasi cha chumvi katika maji ya mkewe.

Msikitini wakaadhini alasiri. Maalim akangoja adhana iishe.

"Wewe upo?" akauliza.

Akauliza tena.

Walimzika kabla jua halijazama, mvua ikinyesha kaburini. Musbahi aliteremka mwanandani yeye mwenyewe, kama mtoto anavyomteremkia mamaye. Walipokuwa wakirudi, akamshika Maalim mkono. Alikuwa akilia.

"Ni kadari, Maalim."

"Ni kadari, mwanangu," Maalim akasema. "Na choo tulikichimba sisi."

Musbahi hakumwelewa. Au alimwelewa, akaogopa kuelewa.

Maalim hakukaa matanga ndani ya nyumba. Alikwenda kwa watia rangi, akaomba mtungi wa nili. Akaubeba kichwani, mzee yule, na michirizi ya buluu ikamshuka kwenye ndevu. Watu wakamtazama. "Maalim amepagawa na msiba," wakanong'ona. Akapanda mteremko, akaumwaga mtungi wote chooni mchana kweupe. Akaenda kukaa kando ya kisima, akangoja, kama alivyokuwa akingoja mtoto aione herufi aliyoikosea.

Mvua ikanyesha. Akangoja. Ijumaa ikafika, watu wakaja kutawadha. Jumbe Kitwana alikuwapo, Musbahi alikuwapo, Sikudhani alikuwapo na mtungi wake.

"Tekeni," Maalim akasema.

Ndoo ikashushwa. Kwiri, kwiri, kwiri. Chubwi! Ikavutwa. Ikawekwa juu ya jiwe.

Maji yalikuwa ya buluu.

Hakuna aliyecheka. Mwenye kucheka alikuwa wa kwanza kuzikwa. Watu waliitazama ile ndoo, kila mtu akihesabu kimoyomoyo watoto wake aliowanywesha. Musbahi akaketi chini matopeni, na kanzu yake nyeupe. Akauvuta upindo wa kanzu ya Maalim.

"Nifundishe," akasema. "Maalim, nifundishe lile ambalo nilikuwa nikilisinzia."

"Nikufundishe nini?" Maalim akamuuliza, bila ukali. "Nusu niliyo nayo unayo. Nilikupa mwenyewe. Ile nyingine tumeizika wote wawili, na wewe ndiye uliyeingia mwanandani."

Sikudhani akaja polepole. Alikuwa ameuacha mtungi wake nyuma.

"Maalim. Ile sahani."

"Uliandika sawasawa, mwanangu."

"Sikuulizi maandishi."

Maalim akatafuta neno ambalo lingekuwa la kweli na lisiue. Alikuwa mtu wa maneno maisha yake yote. Hakulipata. Akanyamaza, na kunyamaza kwake binti akakusoma kama alivyofundishwa kusoma, bila kukosa hata herufi moja. Akageuka, akaenda. Tangu siku ile hakushika tena kalamu.

Choo kikafukiwa. Kisima kikafungwa, kikachimbwa kingine juu zaidi. Watu wakachemsha maji kwa sababu Maalim amesema wachemshe. Tumbo likaondoka. Hapo ndipo Maalim alipopata lile jina ambalo mpaka leo mnalisikia, kisima cha hekima. Alipoitwa hivyo mbele yake, aliinuka akaondoka.

Jumbe Kitwana akaamuru alasiri ifunguliwe. Watoto wakaja, wakaketi. Baraza ileile. Maalim akakaa mahali pa Bi Mize, na ndevu zake, mbele ya watoto, saa ambayo aliwahi kukaribishwa akakataa.

"Maji ni msafiri," akasema. "Mkiyaona, mnayauliza nini?"

"Yametoka wapi? Yamepita wapi?"

"Hata yakiwa meupe?"

"Hata yakiwa meupe!"

Wakangoja. Mtoto mdogo akasema, "Halafu, Maalim?"

"Halafu nini?"

"Halafu moto unayafanya nini?"

Maalim akatazama jikoni, mahali ambapo miaka yote jibu lilikuwa likipuliza kuni. "Sijui," akasema. Watoto wakatazamana. Hawakuwahi kulisikia neno hilo barazani pale.

Waliulizwa kina mama, kila mmoja akaleta kipande. Mmoja alikumbuka jani, hakukumbuka ni la ugonjwa gani. Mwingine alikumbuka mwezi wa kupanda, alisahau ni udongo upi. Vipande havikuungana. Vilikuwa kama vigae vya chungu ambacho nusu yake imekwenda na mto.

Sikudhani naye alikuja kila alasiri. Alikuja na mzigo wa kuni kavu kichwani, akautua jikoni, akachemsha maji ya chuo, akaketi nyuma kabisa. Hakuwa akisema kitu. Siku moja tu alisema.

"Maalim, chumvi ni kiasi gani?"

Mzee akanyanyua vidole vyake. Vilitetemeka. Akavitazama yeye mwenyewe, kama anayesubiri vimwambie.

"Viwili," akasema. "Au vitatu."

Watoto wakainama, wakaandika mchangani: viwili au vitatu. Upepo ukapita.

Hiyo ndiyo ngano ya Maalim Mwinyihaji, aliyeacha upande mmoja wa ubao ufutwe akidhani ataandika tena. Kwa hiyo nanyi, mwenye kuisoma sahani asiache kuyasoma maji. Na mwenye mwalimu ndani ya nyumba yake amuulize leo, angali akiitika.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye ukingo wa kisima kilichofungwa. Mwenye kiu asinidai mimi. Akateleke maji kwanza.